Shiti nyeupe si banda salama: jinsi rangi za masharti zinavyofuata seli zako

Leo sizungumzii minyoo wala mbolea. Nazungumzia rangi nyekundu kwenye shiti ya kumbukumbu za shamba, ile ambayo wengi wenu mnayo kwenye simu au kompyuta. Najua wengine mtasema hayo ni mambo ya ofisini. Subirini niwasimulie kwanza.

Kuna dada mmoja ninayemhudumia, ana kuku wa mayai 600. Yeye yuko mjini kwenye shughuli zake, mdogo wake ndiye anayeokota mayai na kuandika namba kwenye shiti ya Google. Jioni dada anafungua simu, anatupia jicho. Akiona wekundu anapiga simu bandani. Akiona peupe, analala. Shiti ile nilimtengenezea mimi mwenyewe, na nilimwambia kwa kujiamini kabisa: "Asilimia ya utagaji ikishuka chini ya 80, itajigeuza nyekundu yenyewe."

Siku moja akanipigia. "Shikamoo bwana shamba. Mteja amekuja kuchukua trei 17 kama kawaida, zimepatikana 14. Shiti yako haina hata doa. Sasa inakuwaje?"

Nikafungua. Namba zilikuwepo, zimeandikwa vizuri na kijana wa watu. Kawaida yao ilikuwa mayai 528 kwa siku, yaani asilimia 88. Siku tano za mwisho zilisoma hivi: 519, 501, 478, 462, 441. Kuku ni walewale 600, hakuna kifo hata kimoja. Mayai 441 ni asilimia 73.5. Na shiti nyeupe pee.

Bandani tukakuta bomba la maji la upande mmoja limeziba, kuku wa upande ule wanapata matone tu. Kuku wa mayai akikosa maji hachelewi kukuonyesha, anapunguza kutaga. Tulizibua, wakarudi taratibu. Lakini hebu hesabu: siku ya mayai 478 ilikuwa tayari chini ya asilimia 80. Kama rangi ingewaka siku ile, siku mbili zilizofuata zisingepotea kimya. Siku hizo mbili peke yake ni upungufu wa mayai 153, zaidi ya trei tano, na hapo hujahesabu siku ambazo kuku walichukua kurudi kwenye kiwango chao.

Kosa halikuwa la kijana wala la simu. Kosa lilikuwa langu. Sharti la rangi nililiweka kwenye seli D2 hadi D91. Mstari wa 1 ni vichwa vya habari, kwa hiyo D2 hadi D91 ni siku 90. Niliitengeneza kwa ajili ya mafunzo ya miezi mitatu, sikufikiria kwamba mtu ataendelea nayo. Siku ya 91 ikaandikwa mstari wa 92, nje ya eneo la sharti. Kuanzia hapo mayai yangeweza kufika sifuri na shiti isiseme neno.

Ndiyo maana naandika haya. Rangi za masharti ni kitu kizuri sana kwa mfugaji na mkulima anayefanya biashara, ila zina tabia moja ya hatari: zikikosewa, mara nyingi hazipigi kelele. Zinanyamaza. Na wewe unausoma ule ukimya kama habari njema.

Kwanza tuelewane maneno

Shiti, au lahajedwali kwa Kiswahili cha vitabuni, ina kolamu zinazosimama, A, B, C na kuendelea, na mistari inayolala, 1, 2, 3. Pale kolamu na mstari vinapokutana panaitwa seli. D2 ni seli iliyo kolamu D, mstari wa 2. Seli nyingi zilizo pamoja nitaziita eneo. Ukiandika D2:D91 maana yake ni eneo linaloanzia D2 mpaka D91. Ukiandika A2:G91 ni kipande chote cha mstatili kuanzia A2 juu kushoto hadi G91 chini kulia.

Shiti tutakayotumia hapa ni ya banda moja, mstari mmoja kwa siku:

A – Tarehe
B – Kuku waliopo
C – Mayai
D – Asilimia ya utagaji
E – Vifo
F – Chakula, kwa kilo
G – Maelezo

Kwenye D2 weka fomula hii, kisha ivute kwenda chini:

=IF(C2="","",C2/B2*100)

Maana yake: kama mayai hayajaandikwa, acha patupu, kama yameandikwa, gawanya kwa idadi ya kuku, zidisha kwa 100. Kompyuta yako ikikataa koma, jaribu kuweka nukta mkato mahali pake. Hiyo inategemea mpangilio wa nchi uliowekwa.

Sharti lina sehemu tatu, na watu hukumbuka mbili

Kila sharti la rangi lina mambo matatu. Kwanza, swali: je, asilimia iko chini ya 80? Pili, rangi: kama jibu ni ndiyo, paka nyekundu. Tatu, eneo: swali hilo linaulizwa kwenye seli zipi?

Watu wengi, mimi nikiwemo, tunahangaika na swali na rangi, halafu eneo tunaliacha lilivyojiweka. Wakati eneo ndilo linaloamua nani analindwa na nani hayumo.

Kwenye Google Sheets, kwa kompyuta, chagua seli zako, nenda "Format", kisha "Conditional formatting". Upande wa kulia litafunguka dirisha. Kisanduku cha juu kabisa, "Apply to range", ndilo eneo. Hapo chini yake ndipo unachagua swali. Kwa kazi yetu chagua "Custom formula is", maana inakupa uhuru wa kuandika fomula yako.

Kwenye Excel nenda "Home", kisha "Conditional Formatting", kisha "New Rule", na uchague ile ya mwisho inayosema utumie fomula. Eneo utaliona ukiingia "Manage Rules", kwenye safu iliyoandikwa "Applies to". Hapo hapo juu chagua "This Worksheet" ili uone masharti yote ya shiti, si ya seli uliyosimama tu.

Fomula moja, seli elfu: inawezekanaje?

Hapa ndipo penye mzizi wa mambo, nenda nami taratibu.

Unaandika fomula moja tu, lakini eneo lako lina seli mia au elfu. Kompyuta inafanyaje? Inaichukua fomula yako kana kwamba umeiandika kwa ajili ya seli ya kwanza ya eneo, ile ya juu kushoto. Kisha inaihamisha kwenye kila seli nyingine, na ikihama, anwani zilizomo ndani ya fomula zinahama nayo. Ni kama unapoivuta ile fomula ya asilimia kwenda chini: C2 inakuwa C3, kisha C4.

Alama ya dola ndiyo inayozuia kuhama. Dola mbele ya herufi inafunga kolamu. Dola mbele ya namba inafunga mstari.

D2 – kolamu inahama, mstari unahama.
$D2 – kolamu imefungwa kwenye D, mstari unahama.
$D$2 – vyote vimefungwa, ni seli ile ile moja daima.

Fikiria una vijana wa mabanda kumi, unawatumia ujumbe mmoja. Ukisema "kila mtu aangalie ndoo ya maji ya banda lake", ujumbe ni mmoja lakini kila mtu ataangalia ndoo tofauti. Ukisema "angalieni ndoo ya banda la kwanza", wote kumi wataangalia ndoo moja, na mabanda tisa yatabaki bila mwangalizi. Dola ndiyo tofauti ya ujumbe huo.

Sasa tuone kwenye shiti. Tunataka mstari mzima wa siku mbaya uwe mwekundu, kuanzia tarehe hadi maelezo, si ile seli ya asilimia peke yake. Kwenye skrini ndogo ya simu, mstari mzima unaonekana haraka. Eneo letu ni A2:G1000.

*Ukisahau dola.* Ukiandika =D2<80, seli A2 itauliza kuhusu D2, sawa. Lakini B2 imesogea hatua moja kulia, kwa hiyo itauliza kuhusu E2, yaani vifo. Vifo ni sifuri, sifuri iko chini ya 80, basi B2 inakuwa nyekundu! C2 itauliza kuhusu F2, yaani chakula. Kuku 600 wakila gramu 115 kila mmoja ni kilo 69, na 69 iko chini ya 80, nyekundu tena. Shiti nzima itaonekana kama imemwagiwa rangi. Kosa hili linakera, ila halina madhara makubwa. Utaliona siku hiyo hiyo na utalirekebisha.

*Ukizidisha dola.* Ukiandika =$D$2<80, kila seli kwenye eneo lote itauliza kuhusu siku ya kwanza tu. Kama siku ya kwanza kuku walitaga asilimia 88, jibu ni hapana kwa mistari yote, leo na mwakani. Shiti itabaki nyeupe hata banda likiwa tupu. Hili ndilo kosa baya, kwa sababu linafanana kabisa na mafanikio.

*Ilivyo sahihi.* Andika =$D2<80. Kolamu imefungwa, kwa hiyo seli zote za mstari, kuanzia A hadi G, zinatazama D. Mstari uko huru, kwa hiyo kila siku inajitazama yenyewe.

Eneo na fomula lazima vianzie mstari mmoja

Kwa kuwa fomula inasomwa kutoka seli ya kwanza ya eneo, mwanzo wa eneo na namba ya mstari kwenye fomula lazima vikubaliane. Eneo likianza A2, fomula iongelee mstari wa 2.

Ukiweka eneo A1:G1000 halafu fomula =$D2<80, mstari wa 1 utapakwa kwa majibu ya mstari wa 2, wa 2 kwa majibu ya wa 3, hivyo hivyo mpaka chini. Leo mayai yakishuka, mstari utakaowaka ni wa jana. Utaenda kumuuliza kijana, "Jana kulitokea nini?" naye atakwambia jana kulikuwa shwari, na kweli kulikuwa shwari. Mnaweza kugombana bure.

Kwenye Excel kuna mtego mwingine mdogo. Fomula inasomwa kutoka seli uliyoanza nayo wakati unachagua eneo. Kwa hiyo anza kuchagua kutoka juu kushoto ukishuka chini. Ukianza chini ukapanda juu, fomula yako itaanza kuhesabiwa kutoka chini.

Seli tupu nayo inajibu

Ndani ya fomula, seli tupu inahesabiwa kama sifuri. Ukipanua eneo hadi mstari wa 1000 na bado uko siku ya 40, mistari ambayo hujaivutia ile fomula ya asilimia itaona D ni sifuri, na sifuri iko chini ya 80. Yote itakuwa nyekundu. Watu wengi wakikutana na hili wanakimbilia kulikata eneo liishie walipofika. Ndivyo nilivyojikuta na D91.

Usikate eneo. Rekebisha swali:

=AND($C2<>"",$D2<80)

Yaani: mayai yawe yameandikwa, NA asilimia iwe chini ya 80. Mistari ya mbele isiyo na kitu itatulia, na eneo litabaki refu. Shiti mpya ya Google huja na mistari 1000. Mstari mmoja kwa siku, hiyo inazidi maisha ya kundi lako bandani.

Usiandike 80 kwenye sharti

Asilimia 80 si sheria. Kuku wanaoanza kutaga wakiwa na wiki 19 au 20 hawawezi kuwa hapo, watapanda taratibu. Kundi lililozeeka nalo litashuka, si kwa ugonjwa bali kwa umri. Angalia mwongozo wa aina ya kuku wako, uone katika wiki hii wanatakiwa wawe wapi.

Kwa hiyo weka kiwango kwenye seli moja pembeni, tuseme J1, na fomula iwe:

=AND($C2<>"",$D2<$J$1)

Hapa dola mbili ziko mahali pake, maana kiwango ni kimoja kwa wote. Wiki kuku wakibadilika, unabadilisha namba kwenye J1 tu. Ila kumbuka: ukibadilisha J1, rangi za siku zilizopita nazo zitahukumiwa kwa kiwango kipya.

Jambo lingine. Sharti linaangalia namba halisi, si namba inayoonekana. Mayai 478 kwa kuku 600 ni asilimia 79.67. Kama umeficha desimali, seli itaandika 80, lakini itakuwa nyekundu. Haijakosea. Onyesha angalau desimali moja ili usije ukaitilia shaka bure.

Kushuka ni habari hata kabla ya kufika 80

Turudi kwa dada yetu. Siku ya mayai 501, asilimia ilikuwa 83.5. Juu ya 80, lakini siku tatu za nyuma zilikuwa 88, 88 na 86.5, wastani 87.5. Kuku walikuwa wameshateremka pointi nne. Mfugaji makini angeenda kuangalia maji na chakula siku ile ile.

Sharti hili linakamata hiyo hali. Eneo ni A5:G1000, rangi ya chungwa:

=AND($C5<>"",$D5<AVERAGE($D2:$D4)-3)

Maana yake: kama leo iko zaidi ya pointi tatu chini ya wastani wa siku tatu zilizopita, niamshe. Kwa nini eneo linaanzia mstari wa 5? Kwa sababu siku ya mstari wa 5 ndiyo ya kwanza kuwa na siku tatu nyuma yake, mistari ya 2, 3 na 4. Mwanzo wa eneo na mstari wa fomula vinakubaliana. Na hakuna dola mbele ya namba, kwa hiyo kila siku inabeba siku tatu zake.

Usiache nyeupe iwe na maana mbili

Hili ndilo badiliko kubwa nililolifanya baada ya tukio lile, na ukikumbuka kitu kimoja kwenye makala hii, kumbuka hiki.

Kwenye shiti yangu ya zamani, nyeupe ilimaanisha "hali nzuri". Lakini nyeupe hiyo hiyo ilimaanisha pia "sharti halijafika hapa", "namba haijaandikwa", na "fomula imevunjika". Dada alipokuwa anaona nyeupe, hakuwa na njia ya kujua ni nyeupe ipi.

Sasa naweka rangi ya "nimeangalia, na ni salama". Eneo A2:G1000, kijani hafifu:

=AND($C2<>"",$D2>=$J$1)

Na rangi ya "hujaandika", kijivu, eneo hilo hilo:

=AND($A2<>"",$A2<TODAY(),$C2="")

Hii inasema: tarehe ipo, imeshapita, lakini mayai hayajaandikwa. Jaza tarehe zako mapema kwenda mbele ili ifanye kazi.

Sasa mstari wa siku iliyopita ukiwa mweupe, hiyo yenyewe ni dalili ya tatizo. Sharti limekatika, au mtu ameandika kitu kisichosomeka. Siku ya 91 ya dada ingeonekana mara moja: kijani kingeishia pale, chini yake kweupe, naye angeniuliza siku hiyo hiyo.

Panga masharti kwa uzito: nyekundu juu, chungwa, kijivu, kijani chini kabisa. Masharti mawili yakigombania seli moja kwa rangi ya nyuma, la juu ndilo linaloshinda. Ukiweka kijani juu, kitaifunika chungwa.

Dawa na tarehe: hapa kosa halimgusi mfukoni mfugaji peke yake

Kuku wakipewa dawa, mara nyingi lebo inataja siku za kusubiri kabla mayai hayajaruhusiwa kuliwa. Dawa nyingine hazitakiwi kabisa kwa kuku wanaotaga. Hilo muulize daktari wa mifugo kabla hujanunua. Shiti kazi yake ni kukukumbusha siku, si kukuchagulia dawa.

Fungua shiti ya pili: A – tarehe ya dozi ya mwisho, B – jina la dawa, C – siku za kusubiri kama lebo inavyosema, D – tarehe ya kuanza kuuza, yaani =A2+C2. Eneo A2:D200, nyekundu:

=AND($A2<>"",TODAY()<$D2)

Mstari ukiwa mwekundu, mayai hayatoki. Hesabu inaanzia siku ya mwisho ya kutoa dawa, si ya kwanza.

Sasa angalia mtego. Sisi tunaandika siku kwanza, kisha mwezi. Faili nyingi zimewekwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Ukiandika 03/04 ukimaanisha tarehe 3 Aprili, shiti inasoma 4 Machi. Ukijumlisha siku 7 unapata 11 Machi, siku iliyopita zamani. Matokeo: nyeupe. Uza tu. Na ukiandika 25/04, haitaielewa kabisa kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Itaichukua kama maneno, kolamu D itatoa kosa, na sharti likikutana na kosa halipaki rangi. Nyeupe tena. Mayai yenye dawa yanaingia kwenye chai ya mtoto wa mtu huku shiti imekaa kimya.

Kwenye Google Sheets nenda "File", "Settings", kisha "Locale", uchague "United Kingdom", utapata siku kwanza. Fanya hivyo kabla hujaanza kuandika tarehe. Au andika mwaka kwanza: 2025-04-03. Hiyo haina utata. Na hapa pia weka sharti la kijani la "siku zimepita, ruksa":

=AND($A2<>"",TODAY()>=$D2)

Kijani hiki hakizuii kosa la 3 Aprili kusomwa 4 Machi, kwa hiyo mpangilio wa tarehe ndio wa kwanza. Lakini ile ya 25/04 itabaki nyeupe, na wewe sasa unajua nyeupe maana yake nini.

Vitu vinavyokata eneo bila wewe kujua

*Kunakili na kubandika.* Ukinakili seli na kuibandika kwingine, masharti yake yanahama nayo. Baada ya miezi michache utakuta eneo limekuwa vipande vipande: D2:D40, D44:D71, na kadhalika, kila kipande na sharti lake. Bandika namba tupu. Kwenye Google Sheets ni Ctrl+Shift+V, kwenye Excel ni "Paste Special" kisha "Values".

*Kuandika chini ya eneo.* Ukiingiza mstari katikati ya eneo, eneo linapanuka lenyewe. Ukiandika chini ya mstari wake wa mwisho, usitegemee litakufuata. Weka eneo refu tangu mwanzo.

*Maneno kwenye namba.* Kijana akiandika "trei 17" kwenye kolamu ya mayai, hesabu inavunjika. Tazama upande: namba ya kweli hukaa kulia mwa seli, maneno hukaa kushoto. Namba iliyoegemea kushoto ina walakini.

Jaribio la dakika mbili

Daktari hakuambii dawa imefanya kazi mpaka amempima mgonjwa. Nawe usiamini sharti mpaka umelipima. Kila mwanzo wa mwezi:

1. Nenda mstari wa kwanza wa data, mmoja wa katikati, na wa mwisho kabisa wa eneo, yaani 1000. Kama fomula ya asilimia haijafika huko, ivute kwanza.
2. Kila mmoja, ukikumbuka namba yake ya kweli, andika kuku 600 na mayai 100. Mstari mzima lazima uwe mwekundu.
3. Weka mayai 540. Lazima uondoke wekundu.
4. Rudisha namba za kweli, au futa zile za majaribio.
5. Fungua orodha ya masharti usome eneo la kila moja. Kama limekatika vipande, futa vipande, acha sharti moja lenye eneo zima.

Nilirudi kwa dada yule, nikakaa na mdogo wake, tukalifanya jaribio hili pamoja kwenye simu yake. Alipoona mstari wa 1000 umewaka nyekundu akacheka, akasema, "Sasa hii inaona mpaka mwakani." Nikamwambia inaona namba tu, bomba haliioni. Ikinyamaza, bado uingie bandani ukaguse maji kwa mkono wako.